Pointi moja ya ugenini na kelele zake

Ukitaka kumjua shabiki wa Simba vizuri usimwangalie siku tumeshinda, wala usimwangalie siku tumepigwa. Mwangalie siku tumetoka sare ugenini. Tukishinda kila mtu kocha, tukifungwa kila mtu mpelelezi anatafuta nani kauza mechi, hapo hamna ubishi wa maana. Ila sare ya ugenini bana, inawakuta watu wawili wamekaa benchi moja, wameangalia mechi moja kwenye tivii moja, mmoja anasema "pointi ya ugenini dhahabu hiyo" na mwenzake keshatupa kofia chini anasema "tumeacha pointi mbili huko", na kila mmoja anaamini kabisa kwamba mwenzake hajawahi kuujua mpira tangu azaliwe.

Huo ubishi naupenda, sitasema uongo. Lakini kuna kitu kinanikera ndani yake. Tunaongea kana kwamba sare zote za ugenini ni sare moja, ukishaiandika kwenye msimamo basi habari imeisha. Sa angalia Simba ya msimu wa 2023/24. Mechi za Afrika za ugenini tulicheza Ndola, Cairo, Francistown, Marrakech, Abidjan na Cairo tena. Hatukushinda hata moja. Hata moja! Tukatoka sare nne, tukafungwa mbili, na bado tukafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Zile sare nne ukiniambia zilikuwa na uzito mmoja nitakuuliza ulikuwa unaangalia mechi au ulikuwa unaangalia mkeka wako.

Ndola ilikuwa Septemba 2023, Power Dynamos, 2-2. Kiungo wetu Clatous Chama ndo alitubeba, magoli yote mawili yake, nchini kwao Zambia, na lile la pili likaja mpira unaelekea kuisha. Huku kwetu Tandika watu walitoka kwenye banda umiza wananuna. Eti Power Dynamos! Timu ambayo ukimuuliza mtoto wa shule hajui iko nchi gani inatufunga mawili, ukuta wetu unavuja, kocha Robertinho hana mfumo, usajili wa hasara, maneno yote unayoyajua. Mi nilikuwa upande wa pili, nikasema jamani tumefunga mawili ugenini, subirini. Wiki mbili baadaye tukarudiana hapa Chamazi, tukateseka mpaka basi, 1-1, jumla 3-3, tukapita kwa faida ya magoli ya ugenini, yaani jumla ikilingana anapita aliyefunga mengi kwa mwenzake. Yale magoli mawili ya Chama waliyoyaita kupoteza ndo yaliyotuingiza makundi. Na unajua nini? Hakuna hata mmoja aliyekumbuka alivyotukana 2-2 ile. Shabiki wa mpira hana kumbukumbu ya matusi yake.

Halafu ikaja Cairo.

Hii nitaiongelea kwa kirefu kidogo maana inaniuma tofauti. Yale yalikuwa mashindano mapya, African Football League, mechi ya ufunguzi kabisa ikapigwa hapa Dar, Uwanja wa Mkapa, tarehe 20 Oktoba 2023, sisi na Al Ahly, mpaka rais wa FIFA yuko jukwaani. 2-2. Kibu Denis akafunga, Kanoute akafunga, tukawa tunaongoza, Kahraba akarudisha. Siku nne baadaye tuko Cairo, na sisi tunajua hesabu, wao sare yoyote ndogo inawatosha, 0-0 wanapita, 1-1 wanapita. Kanoute akapiga kichwa kipindi cha pili, 1-0, Cairo kimya! Kwa dakika chache zile Simba ya Tanzania ilikuwa inamtoa Al Ahly nyumbani kwake. Mtaa mzima ulikuwa umesimama, bodaboda wameegesha, dada wa chipsi mafuta yanaungua hajali. Kahraba akasawazisha. Ikaisha 1-1, jumla 3-3, tukatoka kwa ile ile sheria iliyotupitisha mbele ya Power Dynamos.

Sasa kesho yake kijiweni ndo nikasikia kitu kilichonishangaza. Watu wanasifia! "Tumetoka kiume", "sare na Ahly Cairo si mchezo", "dunia imeiona Simba". Yaani sare iliyotupitisha tuliitukana, iliyotutoa tunaipigia makofi. Na kwa kweli, ukiniuliza mimi, makofi yalistahili. Ile ni moja ya mechi bora nilizowahi kuiona Simba ikicheza kule Kaskazini, mahali ambapo mwaka 2019 tulikuwa tunakwenda kupigwa tano. Tano za Ahly, tano za Vita kule Kinshasa, watoto wa sasa wanasimuliwa tu. Ila dakika baada ya goli la Kanoute tulirudi nyuma, tukaanza kubutua, na hapo ndo nilipokuwa nataka mjadala uende. Ulienda? Wapi. Watu walikuwa wanapigana vita ya "tumepata heshima" na "heshima hailiwi".

Mzee mmoja wa kijiwe chetu, Simba wa damu, mtu wa makamo ya baba zetu, yeye hakuwa upande wowote. Alikuwa ananywa kahawa yake na kashata kimya, wamemaliza kupiga kelele akasema: "Nyie mnaniliwaza na sare? Mimi sare ya ugenini ilinitoa machozi mwaka 93."

Kwa ambao hamjui, au mnajua juu juu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, mpinzani Stella ya Abidjan. Mechi ya kwanza ikachezwa kwao, Ivory Coast, na Simba ikatoka huko na suluhu, 0-0. Fikiria. Fainali ya Afrika, ugenini, hujafungwa, unarudi Dar kumalizia kazi. Mzee anasema mji ulikuwa umeshashangilia kabla mechi haijachezwa, watu walishajipangia sherehe, kila mtu anahesabu kombe limeshafika Msimbazi. Stella wakaja hapa, Uwanja wa Taifa wa zamani, ule tunaouita Uhuru siku hizi, wakashinda 2-0 wakaondoka na kombe lao.

Tangu hapo mzee hataki kusikia neno "matokeo mazuri" likifuatana na neno "sare". Na mi nimemwelewa taratibu. Ile suluhu ya Abidjan yenyewe haikuwa na kosa, timu ilifanya kazi iliyotumwa. Kilichoharibika ni watu wa nyumbani walivyoipokea. Sare ya ugenini inalevya, anasema, inakufanya uone umeshinda nusu wakati hujashinda kitu. Na ukikaa ukafikiria sheria yenyewe ya magoli ya ugenini utaona mzee ana hoja hata kwa hesabu tu: ukitoka 0-0 kwao, ukija kwako mkatoka 1-1 umetoka wewe. Goli moja la mgeni kwako linakulazimisha ufunge mawili. Ile suluhu ambayo kila mtu anaisifia inakuacha kwenye kamba nyembamba, na kelele za uwanja mzima ziko upande wako zinakupa presha wewe badala ya yeye.

Haya, turudi Desemba 2023, Francistown, maana hapo ndo ubishi ulipotaka kuleta ngumi kweli.

Mazingira kwanza, ili usituone vichaa. Tarehe 5 Novemba watani wetu Yanga walitufunga tano. 5-1. Sitaki kuongeza neno hapo. Robertinho akaondoka siku mbili baadaye. Makundi yakaanza, ASEC ya Ivory Coast wakaja kwa Mkapa, Saidoo akatufungia kwa penati, wakasawazisha, 1-1. Akaja kocha mpya, Benchikha, Mualgeria, yule yule aliyeipa USM Alger kombe la Shirikisho mbele ya Yanga miezi michache nyuma, kwa hiyo alivyotua tu wengine tukampenda kwa sababu hiyo moja. Mechi yake ya kwanza, Jwaneng Galaxy, Botswana.

Jwaneng. Jina hilo peke yake kwa mtu wa Simba ni kidonda. Oktoba 2021 tuliwafunga 2-0 kwao, tukarudi tumetulia kabisa, wakaja kwa Mkapa wakatupiga 3-1, tukatolewa kwa magoli ya ugenini, kocha Gomes akaondoka. Kwa hiyo kwenye lile kundi la 2023 kila mtu alikuwa anasema ile mechi ni ya kisasi, tatu lazima.

Ikaisha 0-0.

Mi asubuhi yake nilikuwa saluni, kinyozi wetu pale ana kioo kikubwa, na kwenye kona ya kioo huwa anaandika msimamo wa kundi kwa maka peni nyekundu, anafuta kwa kitambaa cha mteja ukigeuka. Kaandika: Simba mechi mbili, pointi mbili. Kaweka maka peni chini, kachukua mashine, kaanza kuninyoa huku anaongea, na mtu anayeninyoa akiwa na hasira mi sibishani naye, nasikiliza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mechi ngumu zilizobaki ni Wydad mara mbili na ASEC kwao, wale Jwaneng ndo walikuwa dezo, ukiacha pointi kwa dezo utaiokota wapi?

Kulikuwa na dogo mmoja kwenye benchi anasubiri zamu yake, kijana wa chuo, akasema "kaka, Jwaneng hao hao wameenda Morocco wamemfunga Wydad moja bila, sa dezo ni nani hapo?" Na kweli, mechi yao ya kwanza walikuwa wameshinda Marrakech. Hoja nzuri sana. Kinyozi akanyamaza kidogo, mashine ikaacha kulia, nikajua sasa nimekwisha kichwa upande.

Akatokea fundi mmoja wa simu, banda lake liko jirani, akaingiza kichwa mlangoni akatoa hoja ambayo mpaka leo naona ndo hoja bora niliyowahi kuisikia kwenye ubishi wa sare. Akasema: "Hivi mnajua Jwaneng iko wapi na Francistown iko wapi?" Hamna aliyejua. Akasema Jwaneng ni mji wa mgodi wa almasi huko kusini, ng'ambo ya Gaborone, na Francistown iko kaskazini mashariki huko karibu na Zimbabwe, ni mamia ya kilomita. "Kwa hiyo wenyewe walikuwa wageni kama sisi. Uwanja si wao, mji si wao. Hapo hatujatoka sare ugenini, tumetoka sare njiani."

Saluni ililipuka. Mpaka mama anayeuza chapati hapo nje, Yanga yule, kachukua nafasi akapiga kelele: "Makolo, hiyo pointi moja mtagawanaje wote hao?" Akacheka peke yake kama dakika mbili.

Utani pembeni, fundi simu alikuwa amegusa kitu. Tunaposema "ugenini" tunafunga mdomo wa kila mtu kama vile neno lenyewe ni utetezi tosha. Ugenini upi? Kuna ugenini wa Cairo ambako unaanza kufungwa ukiwa kwenye handaki la kuingilia uwanjani. Kuna ugenini wa Kinshasa. Kuna ugenini wa Omdurman, tulitoka 0-0 na Al Merrikh Machi 2021 na ile ilikuwa sare ya akili kabisa, Gomes alikuwa ametoka kuifundisha Merrikh yenyewe anaijua ndani nje, na wakati huo tulishakuwa na pointi sita mfukoni baada ya kushinda Kinshasa kwa penati ya Mugalu na kumfunga Ahly hapa kwa bao la Miquissone. Timu yenye pointi sita ikienda kuchukua ya saba kwa kukaba, hiyo imefanya biashara. Tukamaliza vinara wa kundi na pointi 13. Sasa timu yenye pointi moja, inayocheza na mtu aliye ugenini nusu, ikitoka 0-0, unaniambia dhahabu? Hapana. Kwa Francistown mi nilikuwa na kinyozi, sikumwambia tu kwa sababu ya ile mashine.

Wiki iliyofuata tukaenda Marrakech tukafungwa 1-0. Mechi tatu, pointi mbili. Kioo cha kinyozi kikafutwa kabisa, alisema hataki kuharibu wino.

Wydad wakaja kwa Mkapa tarehe 19 Desemba, Willy Onana akawafunga mawili, 2-0, na hayo mawili yakumbuke maana nitayarudia. Halafu AFCON ikaingilia kati, ikachezwa hukohuko Ivory Coast, na ilipoisha tu sisi tukapanda ndege kwenda Abidjan kucheza na ASEC. Tarehe 23 Februari 2024. 0-0.

Abidjan. Suluhu. Mzee wa 93 alikunja uso wake wote.

Lakini hii ya Abidjan mi niliiona vingine. ASEC walishafuzu tayari, hilo kweli, na wabishi wakalishika hilohilo: "mpinzani hana shida ya pointi, wewe una shida, na bado unashindwa kumfunga?" Nikawaambia hesabuni kwanza. Bila pointi ile tunaingia mechi ya mwisho na pointi tano. Tukimfunga Jwaneng tunakuwa na nane. Wydad akishinda zake mbili zilizobaki anakuwa na tisa. Na Wydad, nyie, alishinda zote mbili! Alimaliza na tisa. Sisi tukampiga Jwaneng sita bila hapa kwa Mkapa tarehe 2 Machi, kisasi cha 2021 kikalipwa na riba, tukamaliza na tisa pia, tukapita kwa matokeo ya kukutana sisi kwa sisi kwa sababu ya yale mawili ya Onana. Ingepungua pointi moja tu tulikuwa tunaangalia robo fainali kwenye tivii.

Na hapa ndo kuna kitu kinanivuruga mpaka leo, nakiri wazi. Maana ukihesabu kwa mtindo huo, basi hata ile takataka ya Francistown ilituokoa. Toa pointi ya Francistown unabaki na nane. Toa ya Abidjan unabaki na nane. Msimamo hauulizi ulicheza vipi, haujui nani alikuwa mgeni na nani alikuwa njiani. Yule dogo wa chuo ndo alinirudia na hiyo, alikuja na simu ameandika kabisa, "kaka hebu nionyeshe kwenye hii tebo pointi ipi ni nzuri na ipi ni mbaya." Sikuwa na jibu la haraka. Nililokuja nalo baadaye ni hili: pointi zinafanana zikishaingia, ila timu iliyotoka Francistown na timu iliyotoka Abidjan hazikuwa timu moja. Ya Desemba nilimaliza kuiangalia nikiogopa mechi inayofuata, na kweli ikafungwa. Ya Februari nilimaliza nikiwa nataka Jwaneng waje hata kesho. Sare inakuonyesha timu inaelekea wapi, na hilo kwenye kioo cha kinyozi haliandikiki. Dogo hakukubali. Alisema hayo ni maneno ya mtu mzima anayejitetea. Sawa.

Ukitaka kunibishia zaidi nikumbushe 2018/19. Makundi tulikwenda ugenini mara tatu tukafungwa mara tatu, tano Kinshasa, tano Alexandria, mbili Algeria kwa Saoura. Pointi sifuri nje. Nyumbani tukashinda zote, mpaka ile ya mwisho na Vita, 2-1, Chama dakika za mwisho kabisa, uwanja ulikuwa unatikisika. Pointi tisa. Tisa zilezile! Msimu mmoja bila kupata hata nusu pointi nje, msimu mwingine mbili za sare, jibu moja. Wale wanaosema Afrika bila pointi za ugenini hufiki popote, hiyo waiweke wapi? Ila cheki tulivyotoka: robo tukaanza na Mazembe hapa 0-0, tukaenda Lubumbashi tukala nne kwa moja. Timu isiyojua kutoka sare ugenini ikikutana na mtoano inakwisha. Kwenye makundi unaweza kujificha nyuma ya Mkapa, kwenye mtoano kuna siku lazima ufunge mlango nyumbani kwa mtu.

Watani wanalijua hilo kuliko sisi, niwape haki yao, mara moja tu msizoee. Machi 2024 walicheza na Mamelodi Sundowns 0-0 hapa, Aprili wakaenda Pretoria wakatoka 0-0 tena. Dakika 180 Sundowns ile ya mabilioni haijaona nyavu. Na kuna lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba likadunda chini, mpaka kesho nchi nzima inabishana liliingia au halikuingia, mi niliona limeingia na hapo mimi ni Simba. Refa hakukubali, wakatolewa kwa penati. Usiku huohuo sisi tulikuwa Cairo tunafungwa mbili na Ahly, tumetolewa 3-0 kwa jumla. Kesho yake mtaani sisi ndo tulikuwa tunawacheka wao! Eti na wao wametoka. Mama chapati alinijibu neno moja tu, "sisi hatujafungwa", akaendelea kugeuza chapati. Kumbe yule mama anajua tofauti ya kutoka na kutolewa.

Kwa hiyo Simba ilikuwa inadaiwa sare ya namna hiyo, sare ya kufunga mlango, na deni lenyewe limeanzia kwenye jina la Mwakarobo tulilobandikwa, kila mwaka robo, kila mwaka robo. Ilikuja msimu wa 2024/25 kombe la Shirikisho, chini ya Fadlu Davids. Dalili niliiona Luanda mwezi wa kwanza, Bravos do Maquis, 1-1, Ateba akafunga, tukafuzu robo huku mechi moja imebaki. Hiyo hamna aliyebishana nayo, sare ukifuzu nayo haina ubishi. Robo tukamtoa Al Masry kwa penati hapa. Nusu, Stellenbosch. Mkapa imefungwa kwa ajili ya nyasi, tukapeleka mechi Zanzibar, Amaan, Ahoua akapiga faulo moja ikazama moja kwa moja, 1-0. Marudiano Durban, Moses Mabhida, tarehe 27 Aprili 2025, na Fadlu mwenyewe aliwahi kuifundisha Maritzburg United hapo jirani.

Aisee ile mechi usimwonyeshe mtu anayeanza kujifunza kupenda mpira. Ilikuwa ngumu kuiangalia. Tumekaba, tumekaba, mabeki wanapiga vichwa mipira yote ya dunia, kipa Camara anadaka anaanguka nao, anakaa nao, refa anamwambia amka. Banda umiza lilikuwa limejaa mpaka watu wamekaa kwenye madumu nje wanaangalia kupitia dirishani. Kila mpira wa juu ukija jamaa nyuma yangu ananikaba shingo bila kujua. Dakika zile za nyongeza kinyozi alitoka nje kabisa, akasimama barabarani na mgongo ameupa tivii, anatuuliza "imeisha? imeisha?" na kila tukimwambia bado anatukana.

0-0. Fainali ya kwanza ya Afrika tangu 1993.

Na unaweza kuamini watu walibishana? Walibishana! Jamaa mmoja, hajamaliza hata kushangilia, jasho bado linamtiririka, kaanza: "Ila tumecheza vibaya, timu ya fainali haichezi hivi, straika kaguswa na mpira mara ngapi?" Watu wakataka kumpiga. Mi nikasema mwacheni, ana haki yake. Kwa sababu alikuwa anaongelea mechi, ndo kitu ambacho nimekuwa nakililia muda wote, mtu mmoja atoke kwenye sare aongelee mpira uliochezwa. Tulicheza vibaya, kweli. Tulicheza vibaya kwa makusudi, kwa mpango, dakika tisini nzima bila kupoteza kichwa, kitu ambacho Cairo 2023 tulikishindwa kwa dakika chache tu baada ya Kanoute kufunga. Ukiniambia nichague moja nairudia mara mia Durban, na sitaki kuiangalia tena.

Mzee wa 93 usiku ule alikuwa kimya, nikamuuliza "mzee vipi, hata hii sare huitaki?" Akasema hii anaitaka kwa sababu marudiano yalikuwa kwao, hakuna mahali pa kurudi kulewa. Ila akaniuliza fainali inaanzia wapi. Nikamwambia tunaanza Morocco, Berkane, tunamalizia nyumbani. Akavaa kofia yake akaondoka.

Berkane wakatufunga 2-0 kwao. Amaan tarehe 25 Mei, Mutale akafunga mapema, Kagoma akapewa nyekundu, tukapambana pungufu, wakasawazisha mwishoni, 1-1, kombe likaenda Morocco. Hiyo ni sare ya nyumbani na ina kelele zake za aina nyingine kabisa, na alichoniambia mzee kuhusu ile nyekundu siwezi kukiandika hapa, wanasoma watoto.